Utomvu kwenye Gari Jeupe

Utomvu wa mgomba ukiwa mbichi hauna rangi. Unadondoka kama maji, na mtu asiyeujua anaweza kuufuta kwa mkono akaendelea na safari zake. Ubaya wake unakuja baadaye, ukishakauka na kupigwa na jua, maana hapo unageuka kahawia, kisha unakuwa mweusi, na hautoki tena. Kwetu Nyabiyonza hakuna asiyelijua hilo. Kila mwenye kibanja cha migomba ana shati lake la shambani lililojaa madoa, na hakuna mama anayekubali mtoto akakate ndizi akiwa na sare ya shule. Kwa hiyo nikisema kwamba gari langu la kwanza maishani liliharibiwa na utomvu, tena katika ua wa nyumba yetu, tena na mtu aliyeishi na migomba miaka zaidi ya hamsini, watu hudhani natania. Laiti ningekuwa natania.

Mtu huyo ni mama yangu mzazi, na gari lenyewe nililinunua kwa ajili yake. Nisijifanye mwana mwema kuliko wengine. Nina duka la dawa za mifugo pale Omurushaka, nilikuwa na pikipiki yangu na ilinitosha kabisa. Lakini mama aliteleza kwenye tope nyuma ya jiko, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakuweza kukaa kwenye bodaboda wala kuinua mguu hadi kwenye ngazi ya basi. Dunia yake ikawa nyumba, ua, na migomba ile iliyo karibu na ua. Kanisani akakoma kwenda, mchungaji akawa anamletea Chakula cha Bwana nyumbani. Hayo yote aliyabeba bila kulalamika. Kilichomshinda ni kukaa mbali na dada yake.

Dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, aliishi Kyerwa, upande wa Murongo, kwenye nyika zinazotelemka kuelekea mto Kagera. Ndiko walikozaliwa wote wawili, katika boma la wafugaji. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na huyo dada ndiye aliyemlea mama yangu, akamfundisha kukamua na kuosha vibuyu vya maziwa, akamchapa alipostahili na pia asipostahili. Tangu mama avunjike walikuwa hawajaonana. Waliongea kwa simu kila Jumapili baada ya ibada, na mimi ndiye niliyekuwa natafuta namba, nafungulia sauti kubwa, naiweka simu juu ya stuli. Kisha mama mkubwa akaanza kuugua sukari. Kila Jumapili sauti ile iliyozoea kuita ng'ombe kutoka mbali ilikuwa imepungua kidogo. Siku moja mama alisubiri nikate simu, akaniambia, "Nataka nimwone kabla hajaondoka. Sikuombi kingine." Hapo ndipo nilipoanza kutafuta gari.

Nilipata dogo, lililotumika Japani, katika yadi moja Dar es Salaam. Lilikuwa jeupe. Si nyeupe ya chokaa, ni ile wanayoiita nyeupe ya lulu, ambayo ukiitazama kwa ubavu inabadilika kidogo. Dereva wa kukodi alilileta mpaka nyumbani likiwa limejaa vumbi jekundu, tukaliosha, na majirani wakaja kulizunguka wakiwa wamefunga mikono nyuma kama watu wanaokagua ng'ombe wa mahari. Mimi leseni ya gari sikuwa nayo. Nilikuwa nimejiandikisha chuo cha udereva Bukoba, nikaliacha gari uani kwa mama, nikamwahidi kwamba nikirudi safari yetu ya kwanza ni Kyerwa.

Jumapili iliyofuata, kwa simu ya jirani, mama hakuweza kujizuia. Alinisimulia mwenyewe mazungumzo yale, huku akicheka.

"Gari limefika," alimwambia dada yake. "Jeupe kuliko maziwa."

"Kuliko maziwa ya nani?" dada yake akamjibu. "Nyie watu wa migomba maziwa mmeyaona wapi?"

Ndivyo walivyokuwa. Wasipochokozana walihisi kuna msiba.

Sasa, msimu ule jua lilikuwa kali mchana, na jioni ikinyesha mvua ya mawe. Mama akaanza kuliogopea gari. Gereji hatukuwa nayo, na turubai alilikataa kwa sababu, alisema, linachemka juani kama sufuria. Akafanya kile ambacho kila mwanamke wa kwetu angefanya. Kwetu kitu cha thamani hufunikwa kwa majani ya mgomba. Chakula kikiwa jikoni kinafunikwa kwa majani, ndizi zinazoivishwa zinafunikwa, mche wa kahawa ukipandwa unawekewa jani, na mtoto akikutwa na mvua njiani anakatiwa jani lake. Basi mama, na mkongojo wake, kila asubuhi alikwenda kwenye migomba ya karibu, akachagua majani mabichi yasiyochanika, akayakata, akalifunika gari kuanzia boneti hadi buti. Upepo usiyapeperushe, akayakandamiza kwa vipande vya shina la mgomba alivyovikata papo hapo, vikiwa bado vinachuruzika. Majani yakinyauka, aliyatupa akaweka mengine. Aliifanya kazi hiyo kwa nyonga ile ile iliyomzuia kwenda kanisani.

Niliporudi na leseni yangu mfukoni nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, ameoga, amefunga kilemba, ananisubiri nifunue zawadi. Nilivuta majani. Chini yake gari lilikuwa na michirizi ya kahawia kila mahali. Mingine ilishuka kutoka paani hadi kwenye milango, mingine ilikuwa imetuama juu ya boneti katika mabaka mapana yenye kingo nyeusi. Pale vipande vya shina vilipokaa kulikuwa na alama za mviringo, moja baada ya nyingine. Nilizungusha macho nikitafuta sehemu iliyosalimika. Milango miwili ya upande wa ukutani ilikuwa na nafuu.

"Si vumbi hilo?" mama akauliza kutoka mlangoni.

Nikamwambia ni utomvu. Alinyanyuka, akaja polepole, akapitisha kidole.

"Nilijua unashika nguo," akasema. "Nani aliwahi kuniambia kwamba gari nalo ni nguo?"

Nilimwambia haidhuru, gari linatembea kwa injini na si kwa rangi, na Jumapili tutakwenda. Nilikuwa naumia, lakini nilikuwa nasema kweli. Kama angeniachia hapo mambo yangekwisha. Ila mama hakuwa mtu wa kuacha kitu. Kesho yake niliporudi kutoka dukani nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya gari, ana bakuli la majivu na steliwaya, na nusu ya boneti imefifia kabisa, haina hata mng'ao wa kusingiziwa. Baka moja la utomvu lilikuwa limepungua. Lililopotea zaidi ni rangi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye kuni, nikasema peke yangu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jumapili ilipofika aliamka mapema. Alivaa gauni lake la buluu, akafunga mfuko wa kahawa ya kutafuna na mkungu mdogo wa ndizi za kupeleka, nikavipakia. Niliwasha injini. Akaja na mkongojo, lakini badala ya kupanda akaanza kulizunguka gari. Alisimama kwenye boneti, akasimama kwenye mlango wa dereva, akazunguka nyuma, akarudi.

"Zima," akasema. "Siendi."

Nilidhani nyonga inamuuma. Alikuwa ameshageuka kuelekea ndani.

Ilinichukua jioni nzima kumtoa maneno. Alipoolewa na baba, mkulima wa migomba na kahawa asiye na ng'ombe hata mmoja, kwao hawakufurahi. Baada ya miezi kadhaa alirudi kuwasalimia. Alikuwa amechagua kitenge chake kizuri kuliko vyote, na hakuona kwamba ubavuni kilikuwa na doa la utomvu. Dada yake aliliona kabla hata hajamaliza kusalimia wakubwa. Alilishika lile doa kwa vidole viwili mbele ya wajomba na shangazi na majirani wote, akauliza kama mdogo wake ameolewa na mtu au ameolewa na mgomba. Ua mzima ulicheka. Mama naye alicheka, akajibu kwamba wao nao wananuka samli mpaka mbwa wanawafuata. Likawa neno lao la utani kwa maisha yote. Ila usiku ule wa zamani, mama aliniambia, alilala akilia kwa hasira, na tangu hapo hakuwahi kwenda kwao na nguo ambayo hakuikagua mwenyewe juani.

"Sasa niende na gari zima lina madoa?" akaniuliza. "Atanicheka mpaka kaburini."

Nilimwambia dada yake ni mgonjwa, hana nguvu za kumcheka mtu. Nilimwambia tulipake tope tuseme ni njia mbaya. Nilimwambia nitalisimamisha mbali, nimbebe mgongoni. Hakuna nilichosema kilichomwingia. "Litengeneze kwanza," alisema. "Tutakwenda likiwa safi." Nilimkasirikia sana mama yangu siku ile, na sijui kama hasira hiyo imenitoka hadi leo. Mtu mzima anakuomba jambo moja tu, unalitafuta kwa jasho, unamletea mlangoni, naye anakaa ndani kwa sababu ya doa.

Basi nikaanza kuzunguka na mafundi. Wa kwanza, mwosha magari pale Omurushaka, aliahidi kuyatoa kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya taa, kisha akasema ni kazi ya Mungu. Wa pili, fundi rangi wa Kayanga, alileta mashine ya polishi, akaikandamiza kama anayepiga pasi suruali ya jeshi, akala rangi ya juu mpaka ikatokea ya chini. Akasema hapo sasa lazima kupaka. Nikaagiza rangi Bukoba. Ikaja nyeupe. Alipoipaka boneti na kukauka, gari likawa na weupe wa aina mbili, boneti kama ukuta wa zahanati na mwili wote ukielekea kwenye maziwa. Nilimwuliza fundi kama haoni. Aliniambia macho yangu yatazoea. Mama alipoletewa alitazama mara moja tu.

"Sasa limekuwa na kiraka," akasema.

Wa tatu ndiye aliyenipa matumaini, na kwa hilo simsamehi. Alisema nyeupe ya lulu haipakwi kiraka kiraka, inabidi gari lote lipigwe msasa na kupakwa upya, tabaka juu ya tabaka. Lilikuwa jambo la akili. Akalipiga msasa paa, boneti na milango, akapaka praima, ile rangi ya kijivu ya kutangulia, na hapo mvua za masika zikaanza. Rangi haikubali unyevu. Siku zenye jua umeme ulikatika, na bila umeme kompresa yake ya kupulizia rangi ilikuwa chuma tupu. Siku zenye umeme mvua ilinyesha. Lori likipita barabarani linamwaga vumbi au matope, kutegemea na saa. Nilikuwa napita pale kila nikifunga duka, nalikuta gari langu la kijivu limesimama kati ya ndoo, fundi anatazama mawinguni. Nikawa nimejifunza kutouliza. Nilikuwa nasimama kidogo, natikisa kichwa, naondoka na pikipiki.

Jumapili simu ziliendelea. "Gari liko kwa fundi," mama alimwambia dada yake, "kuna kifaa kinasubiriwa." Alikuwa anasema uongo mbele ya Biblia yake iliyokuwa bado wazi mezani. Kilichonishangaza ni kwamba mama mkubwa, ambaye hakuwahi kumwachia mtu nafasi ya kupumua, hakumsukuma. "Usiharakishe," alisema kwa ile sauti iliyobaki. "Njoo likishapona. Hata mimi bado sijawa mtu wa kutembelewa." Mama alifurahi. Aliona kama amepewa muda. Mimi nilihesabu tu kwamba mgonjwa wa sukari anazungumza kama mwenye miaka mingine kumi, na nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kusema.

Taarifa kutoka Murongo ilikuja siku ya kazi, asubuhi, nikiwa dukani nampimia mtu dawa ya kupe. Nilifunga duka, nikaenda kwa fundi, nikamwambia ashuke kwenye ngazi. Gari lilikuwa bado na praima, gazeti limebandikwa kwenye vioo, mlango mmoja umeshapakwa tabaka la kwanza na mwingine bado. Nilichana magazeti kwa kucha. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshaambiwa na majirani, yuko kwenye kiti mlangoni na lile gauni la buluu. Hakulizunguka gari. Hakulitazama hata. Alifungua mlango mwenyewe, akakaa siti ya nyuma, akaweka mkongojo katikati ya magoti.

Tulipopita Nkwenda askari wa barabarani alitusimamisha, akaangalia gari, akaangalia kadi, akauliza hili lililoandikwa jeupe liko wapi. Mama akamjibu kwa upole kutoka nyuma, "Ni hili hili, baba. Tunakwenda kuzika." Akaturudishia kadi akatupisha. Baada ya hapo migomba ikaanza kupungua pembeni mwa barabara, zikaja nyasi, na ng'ombe wenye pembe ndefu waliosimama kwa mbali kwenye miteremko. Nilimwona mama kwenye kioo akisogeza uso karibu na dirisha. Ndiyo ilikuwa safari niliyokuwa nimeiwaza miezi yote ile, barabara ile ile na abiria yule yule.

Walikuwa wamemsubiri mama ndipo wazike. Gari letu la kijivu na nyeupe mbili lilisimama katikati ya boma, mbele ya watu wote, na sikuona hata mmoja aliyelitazama. Walimpokea mama, wakamshika mikono huku na huku, wakampeleka. Alisimama wima wakati wote wa ibada. Alitupa udongo wake. Hakulia, na wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba mshtuko umemkaa moyoni.

Baada ya mazishi walimketisha kwenye mkeka ndani ya nyumba. Binti wa marehemu, ambaye kwangu ni dada na ndiye aliyekuwa akimuuguza, alikuja na maji ya kunawa na maziwa kwenye kikombe. Alipiga magoti, akamwamkia, "Shikamoo, mama mdogo." Mama akaitikia, akamshika kichwa. Walikaa hivyo. Kisha mama akaanza kujieleza, polepole, bila kuulizwa. Alisema alitaka kuja mapema. Alisema gari lilikuwa limeharibika rangi, na alitaka dada yake alione likiwa safi, ndiyo maana akachelewa.

Binti yule alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama anayetafuta ruhusa.

"Asingeliona, mama mdogo," akasema. "Macho yalikwisha tangu mwaka jana. Ile sukari. Alikuwa anajua mchana na usiku tu, na mwishoni hata hivyo viwili hakuvijua. Tulikuwa tunamlisha."

Nje watu walikuwa wanagawa chakula, nilisikia sahani.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataza. Kila tukitaka kukuambia alikuwa anakuja juu. Alisema ukija ukamkuta anapapasa ukuta utamcheka."

Mama aliweka kikombe chini. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na kwa sekunde moja nilidhani anatabasamu.

"Ningemcheka kweli," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.